Nguo ya Pamba Nyumbani: Safari ya kutoka Kalemie hadi Nyunzu

Mtu afikaye Kalemie kwa njia ya ziwa huona kwanza milima, kisha mapaa ya bati, kisha gati na reli. Reli hiyo ilifika hapa kutoka Kabalo mwaka 1915, wakati mji ulipokuwa ukiitwa Albertville. Karibu na mji, mto Lukuga huliacha ziwa na kushika njia ya magharibi ili kuungana na Lualaba. Mito mingi huingia katika ziwa Tanganyika. Utokao ni huo mmoja tu.

Mimi ni mwalimu katika mji huo. Siku moja nilikuwa nikiwafundisha watoto wa mwaka wa tano majina ya mitaa, na msichana mmoja aliinua kidole akauliza: «Mwalimu, Filtisaf ni jina la mtu?» Darasa zima lilicheka, lakini swali lilikuwa jema. Watoto wetu hupita Filtisaf kila siku, husema «naenda Filtisaf», wala hawajapata kusikia hata mashini moja ikilia ndani yake. Nikawajibu: «Si jina la mtu. Ni kiwanda cha kusokota nyuzi na kufuma nguo za pamba. Babu zenu walifanya kazi humo.»

Jioni ile nilipokuwa nikirudi nyumbani, nilisimama mbele ya kuta zake. Zamani wazee walizipima saa zao kwa king'ora cha kiwanda. Pamba ililetwa kwa gari la moshi katika marobota, mbegu zake zimekwisha kutolewa. Ikapigwa hata ikawa laini kama wingu, ikachanwa, ikasokotwa kuwa uzi. Nyuzi nyingine zikatandwa kwa urefu, ndizo mtande, na nyingine zikapitishwa kwa upana, ndizo mshindio. Hapo ndipo nguo ilipozaliwa. Sasa mashini zimenyamaza tangu miaka mingi, na nguo tunazotundika madirishani mwetu zatoka mbali kuliko macho yetu yanavyoweza kuona.

Swali la mtoto yule lilinifuata hata katika safari niliyoifanya likizo iliyofuata. Safari hiyo ndiyo nitakayo kuwasimulia.

NGUO ILIYOTANGULIA RELI

Tusidhani kwamba nguo ya pamba ilifika kwetu pamoja na kiwanda. Ilifika kabla ya reli, tena kabla ya misioni. Katika karne ya 19 merikebu za Marekani, nyingi zikitoka katika bandari ya Salem, zilileta Unguja nguo nzito isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya kwao. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na nchi hiyo. Watu wa pwani wakaiita nguo hiyo merikani, na jina hilo halijafa hata leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, tangu 1861 hata 1865, merikani ikaadimika, na nguo za Bara Hindi zikachukua nafasi yake.

Wapagazi waliichukua mabegani mwao hata Tabora, toka Tabora hata Ujiji, na toka Ujiji ikavushwa kwa mitumbwi hata pwani yetu hii ya magharibi. Ilipimwa kwa mkono: mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti. Kwa shuka na doti watu walinunua chakula, walilipa wapagazi, walitoa hongo kwa wenye nchi. Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871, alikuwa amepita nchi baada ya nchi akilipa kwa nguo. Nao Mapadri Weupe, waliofika Ujiji mwaka 1879 na kuipokea Mpala mwaka 1885, iliwapasa kufuata desturi hiyo hiyo.

Basi, fikiri, msomaji: nguo ilikuwa fedha. Nani angeikata fedha yake na kuitundika dirishani? Neno «shuka», tunalolitaja leo kila tutandikapo kitanda, lilikuwa kwanza neno la soko na la msafara. Limeingia chumbani baadaye sana.

KWENDA KWA NKAMBO

Nkambo wangu, mama aliyemzaa baba yangu, anakaa katika kijiji kimoja upande wa Nyunzu. Wasomaji wa jimbo letu la Tanganyika hawana haja ya kuambiwa mambo yaliyotupata. Katika machafuko yaliyozidi ukali mwaka 2016 na 2017, vijiji vingi viliteketezwa, na watu kwa maelfu walikimbilia Kalemie wakalala chini ya maturubai na nyasi. Nkambo alikuwa mmoja wao. Tulimpokea kwetu, lakini amani ilipopata nguvu kidogo alikataa kukaa mjini. Alisema: «Mzee ni kama muhogo. Ukimng'oa, usimwache juani.» Akarudi. Vijana wa jumuiya ya Wakristo wakamjengea nyumba ndogo ya matofali mabichi, yenye chumba kimoja, mlango mmoja na dirisha moja.

Habari ya dirisha ndiyo iliyotufurahisha. Nyumba yake ya zamani haikuwa na dirisha. Mke wangu akasema: «Baba watoto, usiende mikono mitupu. Mpelekee Nkambo pazia.» Nikanunua sokoni mita sita za nguo nyeupe ya pamba, nzito kidogo, nikaifunga katika karatasi, nikapanda pikipiki.

Njia yafuata bonde la Lukuga na reli. Mara reli iko karibu nawe, imefunikwa na majani. Mara yapotea nyuma ya vichaka, nawe waisahau, kisha ghafula waiona tena juu ya daraja. Katika kila kijiji niliangalia milango na madirisha, maana mtu aliyebeba pazia huona mapazia ya wengine. Mlango mmoja ulikuwa na kikwembe kilichochakaa, maua yake yamefifia hata yakawa kivuli. Mwingine ulikuwa na kipande cha turubai. Mahali pengine niliona chandarua kimekatwa katikati, nusu imetundikwa mlangoni, nusu imefungwa kuzunguka bustani ya mboga. Nami nilicheka moyoni, nikijiona mtu wa mjini aliyestaarabika. Kicheko hicho nilikilipa baadaye.

Nilifika siku ya pili, jua likishuka. Nkambo alikuwa akipepeta mahindi. Akanishika uso kwa mikono miwili, akauliza habari za mke wangu, za watoto wetu wanne mmoja mmoja, za Padri paroko, za jirani zetu. Kisha nikamtolea zawadi yangu.

MANENO YA NKAMBO

Hakuifungua mara moja. Alipoifungua, aliisugua kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kama mfanyabiashara. «Hii ni pamba,» alisema. «Ndiyo, Nkambo. Pamba tupu. Ni pazia la dirisha lako.» Akaikunja polepole, akaiweka magotini. «Mjukuu wangu, nashukuru. Lakini kuitundika siwezi.»

Nilidhani sikusikia vema. Ndipo aliponisimulia jambo ambalo baba yangu hakunisimulia kamwe.

Hapa yanipasa kuwakumbusha vijana mambo machache. Mwaka 1917 Serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya mazao ya lazima. Mkubwa wa kilimo, Edmond Leplae, ndiye aliyeisukuma. Kila mwanamume mzima wa kijiji alipaswa kulima mazao yaliyotajwa muda wa siku 60 kwa mwaka, na katika nchi nyingi zao hilo lilikuwa pamba: Maniema, Sankuru, Uele, na baadaye kaskazini ya Katanga. Tangu 1921 kila kampuni ilipewa eneo lake. Mkulima hakuweza kuuza pamba yake kwa mwingine, na bei ilipangwa bila yeye kuulizwa. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa.

Sheria ilisema siku 60. Lakini pamba haihesabu siku. Yataka kufyeka, kulima, kupanda mvua zianzapo, kupunguza miche, kupalilia mara kadha wa kadha. Kisha vitumba hupasuka, si vyote pamoja, nawe hurudi shambani tena na tena kuchuma kimoja kimoja. Nyumbani hutenga nyeupe na ya manjano, maana ya manjano yalipwa kidogo. Mwisho kuing'oa mashina yote na kuyachoma, ili wadudu wasibaki. Kazi ilikuwa ya mwanamume katika daftari la Serikali. Shambani ilikuwa ya mke na watoto.

Nkambo alikuwa msichana. «Mwaka ule,» alisema, «mvua zilichelewa. Baba alipanda mihogo kwanza, kwa sababu tulikuwa wengi na ghala lilikuwa tupu. Bwana shamba alipopita akakuta pamba haijapandwa. Wakamchukua baba mbele yetu. Alirudi baada ya miezi miwili, amekonda, wala hakusema neno juu ya huko alikotoka. Alichukua jembe akaenda kupanda pamba.»

Nikamwuliza kama baadaye walipata nguo kutoka pamba hiyo. Akanitazama kwa huruma, kama atazamwavyo mtoto asiyejua. «Tuliibeba kichwani hata sokoni. Mzani ulikuwa wao. Walitupa franka chache. Dukani nguo ilikuwa imekunjwa juu ya ubao, nyeupe kama hii. Mama aliishika hivi, kwa vidole viwili, akairudisha. Usiku tulijifunika gunia la pamba lililopasuka. Nguo yetu tuliilima. Ndani ya nyumba yetu haikuingia.»

Tulinyamaza wote wawili. Kisha akaniuliza, bila hasira yo yote, kwa sauti ile ile aliyowauliza watoto: «Na wale wanne, wanalalia nini?»

Wasomaji wapenzi, nalitamani kujibu upesi, na sikuweza. Salo yetu ilijaa vitambaa. Viti vinne vilivaa nguo zenye marinda, meza ilivaa, redio ilivaa, hata saa ya ukutani ilikuwa na kitambaa chake kilichofumwa kwa sindano ya krosheti. Madirishani tulikuwa na marido mazito yang'aayo, yaliyotugharimu karibu mshahara wa mwezi. Nyuma ya pazia la mwisho, watoto wanne walilala juu ya magodoro mawili yasiyo na mashuka, chini ya chandarua kimoja kilichotoboka. Mtoto wetu wa tatu alikuwa amepatwa na malaria mara mbili mwaka ule.

Nikamwambia Nkambo ukweli. Hakunilaumu. Alisema tu: «Basi dirisha langu lingoje. Warudishie.»

Nilikataa. Tukabishana, kama wajukuu na wazee wabishanavyo, kila mmoja akimlazimisha mwenzake kupokea. Asubuhi aliniomba wembe. Akapima mkono mmoja na nusu, akakata, akaupinda ukingo wake kwa uzi na sindano, akautandika juu ya meza ndogo iliyo chini ya msalaba. «Hii ya baba,» alisema. Iliyobaki aliifunga tena katika karatasi yangu.

NYUMBANI KALEMIE

Ningependa kuandika kwamba mambo yalinyoka mara moja. Sivyo. Nilipomweleza mke wangu, nikiongeza mashauri mengi ya kiume juu ya anasa ya wanawake, alinisikiliza hata mwisho. Kisha akasema: «Baba watoto, nani aliyesema viti vifunikwe kabla walimu wenzako hawajaja? Nani aliyeona haya kwa madirisha matupu siku ya ubatizo? Mimi niliomba mashuka. Wewe ulisema wageni hawaingii chumbani mwa watoto.»

Ilikuwa kweli. Niliyasema maneno hayo. Nalikuwa nimeyasahau, yeye hakuyasahau.

Tukakaa chini. Nguo ya Nkambo ilitoa mashuka mawili madogo. Marido mawili mazito tuliyauza kwa jirani aliyeyatamani, na kwa fedha yake tukaongeza mita nane za pamba ya bei ndogo. Vyandarua tulivipata viwili, tukavitundika vema juu ya magodoro, ncha zake zimeingizwa chini. Dirisha la salo tuliliachia pazia moja jepesi. Jambo la ajabu ni hili: chumba kikawa kikubwa. Upepo wa ziwa, uliokuwa ukigonga marido na kurudi, sasa huingia. Nao wageni? Bado waja. Hakuna aliyeuliza saa ya ukutani imevua wapi nguo yake.

MASHAURI MACHACHE KWA JAMAA

Kwa kuwa mama wengi wameniuliza habari ya nguo hizo, nayaweka hapa yale ambayo mke wangu amenifundisha, naye aliyafundishwa na Masista shuleni.

Kwanza, jueni mnunuacho. Sokoni nguo nyingi huitwa pamba nazo si pamba. Chomoeni uzi mmoja, mwuchome mbali na nguo nyingine na mbali na watoto. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini. Uzi wa poliesta huyeyuka, huacha tone gumu kama ushanga. Nguo hiyo ya pili haichakai upesi na haijikunji, yafaa kwa kazi fulani. Lakini kwa kulalia katika nchi yetu ya joto, pamba ni bora: hunywa jasho, hupitisha hewa, na huvumilia maji yachemkayo, ambayo huua chawa na wadudu wa kitandani.

Pili, loweka nguo kabla ya kuikata. Pamba isiyofuliwa hupungua ikipata maji. Mama mwenye haraka hushona pazia leo, na baada ya kulifua aliona limekuwa fupi kama kaptula ya mtoto wa shule.

Tatu, pima vema. Pazia likiwa na upana sawa na dirisha, laonekana kama ubao. Liwe na upana mara moja na nusu, au mara mbili, ndipo litakapokuwa na mikunjo mizuri. Lisifike chini mahali penye vumbi. Lisiwe karibu na mshumaa, koroboi wala mbabula, maana nguo zote huungua.

Nne, chagueni rangi kwa akili. Chumba chenye giza chataka nguo nyeupe au ya maziwa. Dirisha lielekealo magharibi lipewe nguo nzito kidogo, maana jua la alasiri hufifisha rangi na huchosha nyuzi. Chumba chenye kikwembe cha maua makubwa dirishani kisipewe maua mengine kitini na mengine mezani. Macho nayo yataka kupumzika. Kikwembe kilichochakaa hakitupwi: upande ulio mzima hutoa foronya, na vipande hutoa kitambaa cha kufutia vyombo.

Tano, kitambaa cha meza hupendeza kikitiwa wanga. Maji ya muhogo yaliyochujwa na kupikwa hata yawe mepesi kama uji wa mgonjwa yatosha. Kichovye, kianike, kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo.

Sita, chandarua ni cha kulalia. Si pazia, si uzio wa bustani, tena si wavu wa dagaa. Nalicheka niliyoyaona njiani; lakini mimi niliyekuwa na chandarua kilichotoboka juu ya watoto na marinda juu ya viti, nilikuwa na haki gani ya kucheka?

Saba, jamaa ya Kikristo iwe na mahali pake pa sala, hata kama nyumba ni ya chumba kimoja. Zamani sheria ya Kanisa ilitaka vitambaa vya altare viwe vya kitani au katani, na pamba haikukubaliwa. Lakini katika nyumba zetu Mungu hakatai pamba safi, iliyopindwa kwa mkono, chini ya msalaba.

KUMALIZIA

Shule zilipofunguliwa, yule msichana aliyeuliza habari za Filtisaf aliniuliza tena: «Mwalimu, na kabla ya kuingia kiwandani, pamba ilitoka wapi?» Nikawasimulia darasa zima habari ya baba yake Nkambo, bila kulitaja jina lake. Watoto walikaa kimya. Kisha nikawaomba kila mmoja aende nyumbani kwake, amwulize mzee wake wa kwanza: nani katika jamaa yetu alilima pamba, na alijifunika nini usiku? Majibu yao yamejaza daftari mbili, nami ninayatunza.

Ndugu zangu, nyumba nzuri ni jambo jema. Mtu aipendaye jamaa yake huipamba nyumba yake, naye hana dhambi. Lakini tunapoingia sokoni na kushika nguo kwa vidole viwili, tukumbuke wale walioishika hivyo hivyo wakairudisha. Tena tuanze kupamba kutoka ndani: kwanza kitanda cha mtoto, kisha cha mgonjwa na cha mzee, kisha meza ya chakula, na mwisho, kikibaki kitu, kiti cha mgeni.

Mwezi uliopita mtu mmoja aliyetoka Nyunzu alituletea salamu. Alisema kwamba dirisha la Nkambo halina pazia hata sasa. Asubuhi jua huingia lote, hufika mpaka juu ya ile meza ndogo. Alimwuliza kama hataki kulifunika. Akajibu kwamba bado anatazama.